Kabla Korongo Halijajaa: Mwongozo kamili wa halmashauri kupima na kudhibiti hatari za majanga ya asili

Uliza kikao cha halmashauri yoyote hatari yao kubwa ni ipi, nao watakutajia ya mwaka jana. Mwaka wa mafuriko, hatari ni mafuriko. Mwaka wa njaa, hatari ni ukame, na mafuriko hayatajwi hata na diwani ambaye kata yake ilizama. Mji wa Lindi ulipigwa na kimbunga cha bahari Aprili 1952. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia na pwani ya kusini mwanzoni mwa Mei 2024, waliokiona kile cha kwanza wakiwa na umri wa kukumbuka walikuwa wanakaribia miaka 80. Ofisi haina kumbukumbu ya miaka 72. Afisa anahama baada ya mitano.

Mwongozo huu ni wa mtendaji wa kata, afisa mipango, diwani na mratibu wa maafa wa wilaya, na pia wa mwananchi anayetaka kujua aulize nini kwenye mkutano wa hadhara. Unafuata mfumo wa Tanzania. Hauhitaji mtaalamu wa kukodi, isipokuwa pale nitakapotaja.

Neno moja kabla ya kuanza. Mvua kubwa, tetemeko au mlima unaoteleza ni hatari. Maafa ni pale hatari hiyo inapowakuta watu na mali katika hali ambayo hawawezi kuihimili kwa nguvu zao. Mvua ya milimita 100 kwa siku ikinyesha pori lisilo na mtu, ni mvua tu. Halmashauri haiwezi kuizuia mvua, lakini ndiyo inayotoa kibali cha ujenzi, na kwenye kibali ndipo maafa mengi yanapoanzia.

Hatua ya 1: Jua nani anawajibika, kisha unda timu ndogo

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji au mtaa. Uratibu wa kitaifa uko Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwa hiyo usiunde kamati mpya. Iliyopo inatosha, kama inakutana. Tatizo la kawaida ni kamati inayokutana mara moja, siku ambayo watu tayari wako juu ya paa.

Kwa kazi ya tathmini, chukua watu sita hadi wanane wanaoweza kutembea: afisa mipango, afisa ardhi, mhandisi, mtu wa TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), afisa afya, afisa kilimo au mifugo, afisa maendeleo ya jamii, na askari wa zimamoto kama kituo kipo. Nje ya halmashauri, andika barua mapema kwa Bodi ya Maji ya Bonde lenu (nchi ina mabonde tisa, na takwimu za kina cha mito ziko huko), kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na kama mna milima au historia ya matetemeko, kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma. Barua hizi huchukua muda kujibiwa, ndiyo maana ziko hatua ya kwanza.

Hatua ya 2: Kusanya historia, angalau ya miaka 60

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Watu hukimbilia ramani.

Nenda kwa wazee, wanawake na wanaume, katika makundi tofauti, kwa sababu hawakumbuki mambo yale yale. Mwanaume atakuambia daraja lilikatika. Mwanamke atakuambia kisima kipi kiliingiwa na maji ya choo na watoto waliugua baada ya siku ngapi. Usiulize "mwaka gani?" Ulizia kwa matukio: kabla au baada ya vijiji vya ujamaa, kabla au baada ya vita vya Kagera, mwaka wa Uhuru. Mvua za mwaka wa Uhuru, 1961, bado zinasimuliwa sehemu nyingi, na ndizo zilizofuatiwa na kupanda sana kwa Ziwa Victoria. Mvua za El Niño za 1997/98 ni kigezo kingine ambacho watu wazima wengi wanakikumbuka.

Kisha linganisha na maandishi: vitabu vya kumbukumbu vya shule kongwe, kumbukumbu za misheni na misikiti, ripoti za zahanati, vipimo vya mvua vya mashamba ya mkonge au chai. Tengeneza jedwali lenye safu tano: mwaka, hatari, mahali hasa (jina la kitongoji, si la kata), maji au udongo ulifika wapi, na kilichoharibika.

Msiandike mafuriko na ukame pekee. Machi 2015 mvua ya mawe iliua watu zaidi ya 40 katika kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama. Bila shaka ni orodha chache za hatari zilizokuwa zimeandika "mawe ya mvua" kabla ya hapo. Radi, upepo mkali, moto wa nyika, nzige, kupanda kwa ziwa, tetemeko: andika yote, hata lililotokea mara moja.

Hatua ya 3: Chora ramani kwa miguu

Ramani ya mezani itakuonyesha mto. Haitakuonyesha korongo lililokauka miaka kumi na tano ambalo watu wamejenga ndani yake, wala kalvati lililozibwa na taka.

Kule Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora mitaa, mitaro na nyumba katika kata zinazofurika, na ramani zikawekwa wazi kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni. Kazi hiyo inawezekana popote penye simu janja chache na programu ya bure ya kuchora ramani, QGIS. Gawa kata katika njia za kutembea, kutoka juu mlimani hadi chini bondeni. Kwenye kila njia andika alama ya maji ukutani, ukipima kwa futikamba kutoka sakafuni (alama hubaki kwenye plasta kwa miaka, na mwenye nyumba atakuonyesha kwa kidole hata kama amepaka rangi). Andika upana wa kalvati na kama lina taka, mahali mkondo unapopinda, kuta zilizoliwa na maji, miti iliyoinama upande mmoja na nyufa ardhini juu ya mteremko.

Kwenye milima, hizo nyufa na miti iliyoinama ndizo za kutazama kwanza. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa mvua iliteleza, na tope, mawe na magogo vikashuka hadi mji wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Kwa kuwa Hanang ni mlima wa volkano, uvumi ulienea kwamba umelipuka. Wataalamu walipochunguza wakaeleza kwamba ni miamba iliyonyonya maji ikalegea. Kwa anayechora ramani, somo la Hanang ni la umbali: tope la namna ile hufuata mikondo ya maji na kuwafikia watu walio mbali na mteremko wenyewe, kwenye ardhi inayoonekana tambarare. Kwa hiyo, ukikuta mji chini ya mlima umekaa juu ya udongo uliochanganyika na mawe makubwa ya mviringo, jiulize mawe hayo yalifikaje. Hapa ndipo pa kumwita mjiolojia. Msijaribu kupima uimara wa mteremko wenyewe.

Hatua ya 4: Hesabu nani na nini kiko njiani

Weka ramani ya hatari juu ya ramani ya nyumba. Kwa kila eneo hesabu kaya, zahanati, shule, visima, transfoma, madaraja, soko na maghala. Kisha uliza udhaifu: nani hawezi kukimbia? Mzee anayeishi peke yake, mama aliyejifungua, mtu asiyeona, mgonjwa wa kitandani. Balozi wa nyumba kumi anawajua wote kwa majina; mpe daftari, na orodha hiyo ibaki kwa mtendaji, isibandikwe ukutani. Wapangaji nao wasisahaulike. Mpangaji aliyehamia mwezi uliopita hajui mto ule hufika wapi, na mwenye nyumba hana haraka ya kumwambia.

Aina ya jengo ni nusu ya jibu. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9, ambao kwa vipimo vya dunia ni wa wastani. Lilibomoa maelfu ya nyumba Bukoba na maeneo ya jirani na kuua watu zaidi ya 15, na nyingi ya nyumba hizo zilikuwa za tofali za udongo au za kuchoma zisizo na lenta wala nondo za kuzifunga. Mhandisi wenu aweke nyumba katika madaraja matatu tu: imara, ya kati, dhaifu. Madaraja saba ni ya ripoti ya chuo.

Hatua ya 5: Toa alama, halafu usiziamini sana

Njia inayotumika sana ni kuzidisha uwezekano wa tukio (1 hadi 5) kwa ukubwa wa madhara (1 hadi 5). Tuchukue kata ya kubuni yenye korongo katikati na mlima nyuma. Korongo hufurika karibu kila masika na kuingia dukani na majikoni: uwezekano 5, madhara 2, jumla 10. Mlima haujateleza katika kumbukumbu ya mtu aliye hai, ila ukiteleza utafukia vitongoji viwili: uwezekano 2, madhara 5, jumla 10.

Alama ni sawa, lakini mambo haya mawili hayafanani hata kidogo. La kwanza linadai mtaro na bajeti ya kila mwaka. La pili linadai tahadhari ya kuhamisha watu na kuzuia nyumba mpya, na ikibidi mlihame eneo. Kwa hiyo weka kanuni ya ziada: chochote chenye madhara ya 5 kinajadiliwa peke yake, bila kujali jumla yake. Bila kanuni hiyo, mtaro utashinda kila mwaka, kwa kuwa mtaro una wapiga kura wanaolalamika.

Jihadhari pia na lugha ya "mafuriko ya mara moja kwa miaka 50". Watu husikia kwamba yakitokea leo, wamepumzika miaka 49. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka uwezekano ni asilimia 2. Kwa nyumba itakayodumu miaka 30, uwezekano wa kukutwa na mafuriko hayo angalau mara moja ni kama asilimia 45, karibu sawa na kurusha shilingi. Mwambieni hivyo anayeomba kiwanja bondeni.

Rejista ya vihatarishi itakayotoka hapa iwe na kurasa chache: hatari, mahali, kaya zilizomo, alama, mmiliki wa hatua (cheo, si "halmashauri"), na tarehe ya kukaguliwa tena. Isomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kupelekwa Baraza la Madiwani. Wananchi watasahihisha.

Hatua ya 6: Chagua la kufanya

Anza na ardhi, kwa sababu ni bure kuliko zote na ni ngumu kuliko zote. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Kila mtu anaijua mita 60. Wachache wameipima. Pandeni vigingi, viandikwe namba, viingizwe kwenye ramani ya mipango miji, na afisa ardhi asitoe kibali bila kutazama ramani hiyo. Na ieleweke kwamba mita 60 ni kiwango cha chini: kwenye tambarare, maji yanaweza kuvuka mita 500 bila kuomba ruhusa.

Kwa waliokwisha jenga, kuhamisha ni suala la riziki kabla ya kuwa la nyumba. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 Dar es Salaam, baadhi ya wakazi wa Bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Mama aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga Jangwani alitakiwa aanze upya mahali pasipo na wateja, na nauli ya kurudi mjini ikamlia faida. Wapo waliorudi bondeni, na sioni cha kuwashangaa. Kabla ya kupima kiwanja kipya, pima nauli hadi sokoni.

Miundombinu ifuate. Mitaro, kalvati pana, gabioni (vikapu vya waya vilivyojaa mawe), matuta, kupanda miti na majani kwenye miteremko, kuzuia kilimo kwenye vyanzo. Tuta lina hila yake: likiwepo, watu hujenga nyuma yake kwa amani. Kilosa ilikuwa na tuta la kuuzuia Mto Mkondoa. Mvua za mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 zilipolivunja, maelfu ya watu walibaki bila makazi, na reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Kila tuta linalojengwa liandikiwe papo hapo nani atalikagua, kila mwezi gani, kwa fedha ipi.

Hatua ya 7: Ingiza kwenye bajeti kwa tarehe zake

Tathmini isiyofika kwenye kasma (fungu) ya bajeti ni insha. Mipango ya vijiji huanza kukusanywa mwishoni mwa mwaka, kwa njia ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo (wananchi kupanga wenyewe vipaumbele vyao), na Baraza hupitisha bajeti miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Rejista yenu iwe tayari kabla ya Novemba. Ikija Machi, subirini mwaka mzima.

Kisha kuna mgongano wa kalenda ambao haujadiliwi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Vuli huanza Oktoba. Fedha zikichelewa, na zabuni ikapita hatua zake zote, fundi anafika kuzibua mtaro siku ambayo mvua imeshaanza. Nimeketi kwenye kikao kimoja ambapo taarifa ya "usafishaji wa mitaro umekamilika" ilisomwa huku maji yakiingia chini ya mlango wa ukumbi. Dawa yake ni kuitengea kazi ya mitaro fedha za mapato ya ndani za mwaka unaoishia Juni, na kuingia mapema mikataba ya kazi ndogo na vikundi vya vijana wa mtaa.

Hatua ya 8: Tahadhari lazima iishie kwa mtu, si kwenye kundi la WhatsApp

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa msimu kabla ya masika, vuli na mvua za Msimu (za mikoa yenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka), na taarifa za hali mbaya ya hewa kwa madaraja: angalizo (njano), tahadhari (rangi ya chungwa), na tahadhari kubwa (nyekundu). Kazi ya halmashauri ni kutafsiri rangi kuwa vitendo, kwa maandishi, kabla ya msimu. Mfano:

Njano: mtendaji wa kata anakagua kalvati zote na kuwapigia wasoma vipimo vya mto. Chungwa: orodha ya wasioweza kukimbia inatolewa, bodaboda na magari yaliyokubaliwa yanajazwa mafuta, shule ya kupokea watu inafunguliwa. Nyekundu: wakazi wa maeneo yaliyotiwa alama wanahama kabla ya giza, bila kusubiri kuona maji.

Mbali na rangi za kitaifa, wekeni kipimo chenu. Nguzo ya daraja la juu ipakwe rangi kwa vipande vya nusu mita, na mtu anayeishi jirani apewe muda wa maongezi na namba tatu za kupiga. Kwenye milima, tazameni mto ambao mvua inanyesha lakini maji yake yamepungua ghafla: huenda umezibwa juu, na utakapozibuka hautakuja na maji peke yake.

Ujumbe upite njia mbili au zaidi. Redio ya jamii mchana. Usiku, filimbi, kengele, kipaza sauti cha msikiti. Umeme hukatika kwanza, mtandao wa simu hufuata. Muulizeni kila balozi: saa nane usiku, mvua kubwa, simu hakuna, utawaamshaje watu wako? Asipokuwa na jibu, mfumo wenu unaishia kwake.

Hatua ya 9: Pima shule kabla ya kuijaza watu

Kila mpango huandika "waathirika watahifadhiwa shule ya msingi". Fanya hesabu. Viwango vya Sphere, vinavyotumika duniani kote kwenye misaada, vinataka mita za mraba 3.5 za kulala kwa kila mtu, lita 15 za maji kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20. Darasa la mita 7 kwa 9 lina mita za mraba 63, yaani watu 18. Shule ya madarasa 14 inachukua 252. Kama ramani yako ina watu 600 hatarini, unahitaji madarasa 34, lita 9,000 za maji kila siku, na vyoo 30. Kumbe shule ile ni chini ya nusu ya jibu, na watoto nao wanatakiwa kurudi darasani. Tafuteni jengo la pili na la tatu, makubaliano ya maandishi na wenye maboza, na mahali pa mifugo, kwa sababu mfugaji hataiacha ng'ombe wake nyuma na atarudi kuifuata usiku.

Hakikisha pia shule yenyewe haiko ndani ya eneo la hatari mlilolitia alama kwenye ramani. Inatokea.

Hatua ya 10: Fanyeni zoezi, kisha rekebisheni

Zoezi moja kwa mwaka, Septemba, kitongoji kimoja, bila posho kubwa. Hesabuni dakika kutoka simu ya kwanza hadi mtu wa mwisho kufika shuleni, na andikeni nani hakuipata taarifa. Baada ya kila tukio la kweli, hata dogo, timu irudi ndani ya wiki mbili na futikamba: maji yamefika wapi safari hii, alama gani imezidiwa, nani alikataa kuhama na kwa nini. Majibu yaingie kwenye jedwali la hatua ya pili. Nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa kijiji na nyingine shuleni, kwa sababu kompyuta ya ofisi huhama na aliyekuwa akiitumia.